Jina Asilotajiwa Bibi Angelina

Mgeni rasmi, sisi wanafamilia tunaouguza wazee wenye ugonjwa wa kusahau hapa Haneti tunakukaribisha kwa mikono miwili. Jina lako hatujalitaja. Si utovu wa adabu, vumilia, utaelewa.

TULIKOTOKA

Bibi Angelina, aliyeketi mbele yako na binti yake Dorkasi, alianza kwa kupotea njia ya kisimani. Kisha akawa anasimama mbele ya zizi tupu kuwaita mbuzi waliokufa na ukame, mmoja baada ya mwingine. Akishaita hutega sikio, halafu hucheka kama aliyeitikiwa. Dorkasi humsikiliza kutoka mlangoni.

Jioni moja jirani alibisha hodi. "Ni mimi, Matonya."

"Matonya, umerudije?" bibi akamuuliza. "Si tulikuzika juzi?"

Tulicheka. Kabla mtama haujavunwa tukamzika kweli. Presha ilimsumbua miaka mingi, lakini nani alitaka kusikia habari za presha? Tangu hapo hakuna anayetaja jina lake mwenyewe mlangoni pale. Bibi akiuliza, "Nani?", anayeleta maji hujibu, "Ni mtu tu," akatua ndoo na kutimua mbio.

MAFANIKIO

Dorkasi alimpeleka mama yake mjini. Daktari alisema dawa ya kuponya haipo, ila zipo za kupunguza makali kwa baadhi ya wagonjwa. Zaidi ya hapo ni ratiba isiyobadilika, nyimbo anazozijua, na taa iwashwe kabla giza halijaingia. "Na kila anayeingia ajitambulishe kwa jina," akasema. "Asiyejua yuko na nani huishi kwa hofu." Dorkasi alilia njia nzima. Dawa hiyo ya kutajiwa jina haiuzwi, na sisi ndio tuliomnyima mama yake.

CHANGAMOTO

Wapo wanaotaka bibi aondolewe kijijini kabla ya mvua. Neno uchawi limeshatamkwa. Dorkasi haendi tena shambani, anaogopa asimkute akirudi.

MAOMBI

Tunaomba mtaalamu afike zahanati yetu kila mwezi, na dawa zipatikane hapa hapa. La mwisho ni zito: msogelee bibi, mshike mkono, umtajie jina lako, kijiji kizima kisikie.

Ila si haki mgeni atangulizwe mahali wenyeji wanapoogopa kukanyaga. Shikamoo, bibi. Mimi ninayesoma ni Nikodemo, jirani yako.

Mungu akurudishe kwako salama, mgeni wetu.

Ni sisi, Familia Zinazouguza Wazee, Haneti.