Mazoezi Yanayopita kwenye Kamba

Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao mbele ya duka la kinyozi, mguu mmoja mfupi, na birika la kahawa lisilojua kupoa. Siku hiyo fundi cherehani, ambaye mtaa mzima unamwita Bonge, alikaa ameshika kamba ya kuanikia nguo. Kamba ilikata kona ikapotelea nyuma ya maduka. Mwishoni mwake alifungwa Shehena, mbwa wake, mnene kama yeye. Daktari wa mifugo alishasema: watembee wote wawili, nusu saa kila siku, moyo upate nguvu, magoti yalainike, usingizi uje. Mama watoto akaongeza lake: leo saa kumi mnapanda mizani, msipopungua, Shehena anahamia shambani kwa dada yangu. Bonge alikosa raha. Nyumbani kwake, Shehena peke yake ndiye aliyemsikiliza mpaka mwisho.

— Tulia, Bonge, alisema Waya, fundi umeme. Mazoezi ni kama umeme. Mbwa anatembea kule, wewe unapokea huku.

— Una uhakika?

— Miaka ishirini navuta nyaya, kamba inishinde?

— Kweli bwana, nasikia moyo unadunda!

Hicho kilikuwa kikombe cha tano cha kahawa, lakini nani wa kumwambia?

Kinyozi akatoka dukani, akaidaka kamba katikati.

— Hebu nigawie kidogo. Nataka ya goti tu, la kushoto.

— Toa mkono! Unaninyonya, na mizani saa kumi!

— Acha uchoyo, alisema Waya, naye akishika. Mita arobaini hizi, mazoezi ya kumwaga. Mimi nachukua ya usingizi.

— Jamani, mnanimalizia!

— Yakipungua, tufunge mbwa wawili, kinyozi alishauri.

— Wawili? Atalipuka huyu! Labda tumwekee fyuzi.

Wakawa wanabishana fyuzi ikae mkono upi, mara mama mmoja, mgeni mtaani, akasimama na kikapu chake.

— Hamjambo? Samahani, hii kamba ya nini?

— Mbwa anafanya mazoezi.

— Mbwa gani?

Bonge akavuta. Kamba ikaja nyepesi, mita kwa mita, mpaka mkanda wa shingoni ukajikokota miguuni pake, mtupu.

— Shehena!

Bonge, ambaye hajakimbia tangu aoe, akachomoka. Waya nyuma yake, kinyozi nyuma ya Waya. Wakayazunguka maduka mara moja, mara mbili. Mara ya tatu, jasho likimtiririka, Bonge akatupia benchi jicho. Shehena alikuwa amejilaza pale pale, ulimi ndani ya kikombe cha Bonge. Alipomwona bwana wake anapita mbio, akaruka chini, akaunga msafara.

Bonge akachungulia saa ya ukutani kwa kinyozi. Saa tisa na robo.

— Umemwona? Waya alihema.

— Bado. Kimbia, usigeuke nyuma.