Mvua Isiyolowesha Bati

Tik. Tik. Tik. Usiku wa manane mama mtoto akakaa kitako kitandani. Dirishani nyota tupu, bati kavu, lakini kipima mvua cha mumewe, chenye mdomo wa faneli, kilichofungwa ukutani nyuma ya kijiwe cha kahawa, kinahesabu mvua. Mume akaruka kwa furaha: "Imenyesha tena! Pembe hii tu!" Mchana uliofuata alikuwa asimame mbele ya wahadhiri kuomba nafasi ya kutafiti mvua za tropiki, na ushahidi wake mkubwa ndio huo. Kulipokucha, mama mtoto akambeba mwanawe mpaka kijiweni.

— Shemeji zangu, naogopa, wingu hakuna, tone hakuna, chombo kinalia, baba mtoto anacheka peke yake, sasa hiyo mvua au nini?

— Wingu fupi hilo, akasema Redio, fundi viatu asiyekosa habari. Linapita chini ya bati.

— Linainama?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Methali hiyo inaingiaje hapo?

— Kwani wingu mwenyeji?

Kamanda, mlinzi wa ghala la jirani, akaguna.

— Mimi nakesha hapa, sijaona wingu.

— Unakesha umefumba macho!

— Sikiliza, wewe, akasema Kamanda. Ardhi inatoa jasho. Jasho linapanda ukuta, likifika kwenye faneli linachoka, linatumbukia.

— Jasho linachoka?

— Wewe ukipanda ukuta huchoki?

— Basi shemeji, akamaliza Redio, mumeo kalifuga wingu kwa masomo. Mkihama, linahama nanyi.

Mama mtoto akamfunika mwanawe kichwa kwa khanga. Muuza kahawa alikuwa akifuta birika lililokwisha kung'aa.

Dereva mmoja mpita njia akarudisha kikombe.

— Samahani, mzee. Ukifunga usiku, maji ya kusuuzia vikombe unamwaga wapi?

Macho yakahamia kwenye faneli.

— Nikimwaga chini mnalalamikia tope, akanong'ona muuza kahawa. Hilo nilidhani bomba la kwenda mtaroni.

Woga mmoja ulimtoka mama mtoto, mwingine ukaingia: ndani mumewe alikuwa akipiga pasi shati la kwendea kwa wahadhiri, huku anaimba.

— Shemeji, nisitiri, akasihi muuza kahawa. Mtaa mzima utanicheka.

— Nitamwambia baba mtoto, mzee, tena sasa hivi, kabla shati halijapoa, bora aumie kwangu kuliko kule mbele za watu. Mwingine simwambii.