Gari Lisilo na King'ora

"Gari la wagonjwa halina king'ora? Si teksi hiyo, binti yangu!" Mzee mwenye bakora alimtania mwanamke aliyeketi naye kwenye basi.

Mwanamke akavuta kola ya sare yake mpya. "Tunawapeleka kliniki na kuwarudisha nyumbani, baba. King'ora cha nini? Juzi nilifeli mtihani kwa kusukuma kiti cha magurudumu bila kumwambia mgonjwa kwanza. Leo narudia."

"Kwa hilo tu?"

"Mafunzoni, sisi wanafunzi tulikalishwa kwenye kiti hicho tukasukumwa kimyakimya. Moyo ulinipanda kooni!"

"Bado ni teksi."

Basi likasimama. Mzee akainuka, goti likamgomea. Mwanamke hakukurupuka kumdaka. "Baba, nakushika kiwiko. Ngazi ni mbili, tanguliza mguu unaouma."

"Mimi si mgonjwa!" alifoka mzee, na kiwiko keshampa.