Wino Mchapaji na Habari Aliyoingoja

Ndugu, majirani na wateja mlioacha shughuli zenu mkaja kumsindikiza Wino, asanteni. Karatasi mlizoshika zimechapwa kwenye mashine yake mwenyewe, na pembe zake zimenyooshwa na mwanawe. Anayewasomea ni mdogo wake wa kike, ambaye humu ataitwa Shangazi mtu na si zaidi, kwa sababu marehemu alikuwa na msimamo wake kuhusu jambo hili. Alichapa wasifu wa nusu ya watu wa mji huu, na alikuwa akirudi nyumbani akinung'unika, "Marehemu kapewa mistari sita, msomaji kajipa kumi na miwili." Basi Shangazi mtu atajitahidi, ila hajaahidi.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stoo ya mbao. Jina la Wino hakupewa na wazazi, alilipata kazini. Nyumbani aliitwa Kaka, hata na mama yake mzazi, kwa kuwa Shangazi mtu alipozaliwa miaka minne baadaye na kuanza kusema, alimwita hivyo kwa kelele kiasi kwamba nyumba nzima ikaanza kuongea kama yeye.

Alianza shule ya msingi Januari 1965 na kumaliza darasa la saba mwaka 1971, kisha akasoma sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1975. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Walimu walimkumbuka kwa jambo moja: akiwa kidato cha pili alichukua kalamu nyekundu akasahihisha tangazo la mwalimu mkuu lililokuwa ubaoni, makosa manne. Alikula viboko viwili. Kesho yake tangazo likabandikwa upya, likiwa safi, na Kaka akalipita akitembea taratibu ili aonekane.

Januari 1976 aliajiriwa kama mwanagenzi katika duka la uchapaji lililo nyuma ya posta, kazi yake ikiwa kupanga herufi za madini ya risasi moja moja, kinyumenyume, ili zikichapwa zisomeke sawasawa. Kidole gumba chake cha kulia kilishika wino mweusi wiki ya kwanza na hakikutakata tena. Alisugua kwa sabuni, kwa mafuta ya taa, kwa jiwe, wapi. Mwaka 1989 mwenye duka alistaafu akamwachia yeye, na pale amefanya kazi mpaka mwaka huu, jumla miaka arobaini na saba.

Ni hapohapo dukani alipompata mke. Aprili 1986 mwalimu mmoja wa shule ya msingi alileta mitihani ya kuchapwa, na Wino akakataa kuichapa kwa sababu swali la saba lilikuwa na majibu mawili sahihi.

"Wewe ni mchapaji au mkaguzi wa elimu?" mwalimu aliuliza.

"Mchapaji, mwalimu. Ila watoto watakaofeli swali la saba watanilaani mimi."

Mwalimu aliondoka amenuna. Siku ya pili akarudi na swali limerekebishwa, siku ya tatu akarudi bila karatasi yoyote. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1987. Mungu akawajalia watoto wawili: binti, ambaye leo ni mfamasia, mwaka 1990, na kijana, tarehe 3 Septemba 1996. Huyu wa pili mnamjua nyote kwa jina la Meneja. Jina hilo alipewa na vijana wa dukani, kwani tangu akiwa mdogo hakuna rundo la karatasi lililotoka pale kabla yeye hajazungusha viganja vyake pembe zote nne na kuridhika.

Meneja alifika miaka mitatu bila neno hata moja. Akitaka kitu alimshika baba yake kifundo cha mkono, akamkokota, akauweka mkono wa baba juu ya kile kitu. Watu walisema yao, na Shangazi mtu naye alisema yake, leo anayajutia. Mwaka 2000 daktari aliwaeleza kwamba mtoto ana usonji. Wino aliuliza swali moja tu: "Anatusikia?"

"Anasikia vizuri sana," daktari alijibu. "Hata yale mnayodhani hasikii."

Wino alirudi nyumbani, akakaa sakafuni mbele ya mwanawe, akamwomba radhi kwa yote yaliyokuwa yamesemwa juu ya kichwa chake. Mtoto alikuwa anapanga vizibo vya chupa na hakuinua uso. Wino hakujali, aliendelea kuomba radhi mpaka akamaliza.

Alhamisi tarehe 22 Februari 2001, Meneja hakumkokota mtu. Alisimama jikoni, akainua kidole chake mwenyewe, akakielekeza kwenye jagi la maji. Kesho yake jioni Wino alitoka dukani na kadi arobaini zenye ukingo wa dhahabu, zilizobaki kwenye kazi ya harusi ya watu fulani, akazigawa mlango kwa mlango. Shangazi mtu alipoona ule ukingo alifungua kabati kutafuta gauni, halafu ndipo akasoma: "Familia ina furaha kuwatangazia kwamba mtoto wao mpendwa amenyoosha kidole na kuonyesha maji. Mnakaribishwa kufurahi popote mlipo."

Alimfuata kaka yake palepale. "Kaka, kadi nzima kwa ajili ya kidole?"

"Binti yako alipoota jino la kwanza ulinipigia simu mara tatu," Wino alisema. "Mimi nilisema kitu?"

Shangazi mtu alirudi nyumbani kufunga kabati.

Tangu hapo zilitoka kadi sitini na tatu. Kuna ya siku Meneja alipokataa uji kwa kutikisa kichwa badala ya kurusha bakuli. Kuna ya siku alipomvuta dada yake sketi ili aone konokono ukutani. Kuna ya tarehe 8 Novemba 2002, alipoaga kwa mkono kwa mara ya kwanza, kiganja kikimtazama yeye mwenyewe kwa sababu ndivyo alivyoviona viganja vya wengine. Mwalimu wa shule ya chekechea alitaka kumgeuza mkono. Wino akamzuia, akachapa kadi vilevile, na wiki haijaisha mtaa mzima wa nyuma ya posta, kuanzia muuza magazeti hadi karani wa posta, walikuwa wanaagana na Meneja viganja vikiwa vimegeuzwa.

Mara moja alikosea, na mchapaji akikosea huchapa sahihisho. Mwaka 2004 alitangaza kwamba Meneja amejua kuitikia ndiyo kwa kichwa. Watu walifurahi, wengine wakaleta keki. Siku tisa baadaye ikagundulika kwamba kijana alikuwa anafuata mdundo wa mashine, ikizimwa na yeye anatulia. Kadi ya pili ikatoka: "Katika tangazo letu lililopita, tulichodhani ni ndiyo kilikuwa mashine. Tunaomba radhi kwa usumbufu. Keki zilizokwisha kuliwa hazitarudishwa." Aliicheka kadi hiyo hadi machozi, na wengi wenu mnayo bado.

Mwaka 2005 alipatikana mwalimu wa mawasiliano, akashauri picha. Wino alichukua vipande vya kadi ngumu vilivyobaki kwenye mashine ya kukata, akachapa picha, akazitoboa, akazifunga kwenye pete ambayo Meneja ameivaa kiunoni hadi leo. Picha ya Mama ni chaki. Picha ya Shangazi mtu ni mkoba mwekundu, na miaka kumi na minane ameitwa mkoba bila kulalamika hadharani mpaka leo. Picha ya "imekwisha" ni kikombe kilichopinduliwa: chai imekwisha, mvua imekwisha, kazi imekwisha. Na kwa kuwa Meneja hakuwa mtu wa kutazama nyuso, picha ya Baba ni alama ya kidole gumba, nyeusi tii, Wino aliipiga yeye mwenyewe.

Kwa picha hizo Meneja alijifunza kuomba, na aliomba vizuri. Alichomoa picha, akakupa, akanyoosha kiganja, akangoja. Lakini mwalimu wa mawasiliano alikuwa amemwambia Wino jambo ambalo hakulisahau: kuomba ni kitu kimoja, kutoa habari ni kingine. Mtu anaomba kwa sababu anahitaji kitu. Anatoa habari kwa sababu tu anataka na wewe ujue. Hapo ndipo moyo wa kaka ulipokwama. "Chai anaijua kuiomba," alimwambia Shangazi mtu. "Ninachongoja ni siku moja aje aniambie kitu. Chochote. Hata kama ni uongo."

Mwaka 2012 alichapa kadi hamsini, karatasi bora kuliko zote, zenye maneno haya: "Familia ina furaha kuwatangazia kwamba mwana wao ametoa habari. Habari yenyewe ni hii." Chini yake akaacha nafasi wazi. Akazifunga kwa karatasi ya kaki, akaziweka droo ya chini.

"Baba watoto, unajitesa," mkewe alimwambia.

"Sijitesi. Mchapaji huandaa karatasi mapema."

Miaka kumi na moja ile droo ilifutwa vumbi kila Jumamosi.

Tarehe 4 Mei mwaka huu wa 2023 Wino alipatwa na kiharusi dukani. Kilichukua mkono wa kulia na kikachukua maneno yote. Mtu aliyekuwa anasahihisha matangazo ya wengine akabaki kututazama, na sisi tukawa tunampigia kelele utadhani amekuwa kiziwi. Siku ya tano Meneja aliingia chumbani, akafungua pete yake, akatandaza picha kitandani, pembe kwa pembe. Kisha akamshika baba yake kifundo cha mkono wa kushoto, akauweka juu ya picha. Wino alitazama muda mrefu. Akasogeza kidole hadi kwenye chai, na Meneja akaenda kuleta chai. Jioni hiyo Shangazi mtu aliwasha mashine, akapoteza karatasi kumi na saba ndipo akapata moja iliyonyooka: "Familia ina furaha kuwatangazia kwamba Wino ameomba chai." Marehemu aliposomewa alicheka upande mmoja wa uso, halafu akaonyesha kwa kidole herufi iliyokosewa.

Kiharusi cha pili kilimpata Oktoba, akiwa hospitali. Aliaga dunia Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Jumatano mama mtu alimpeleka Meneja akamwone. Meneja alikishika kile kidole gumba, akakigeuza huku na huku. Miezi mitano kilikuwa hakijagusa wino, wauguzi walikuwa wamekiosha, na kwa mara ya kwanza tangu 1976 kilikuwa kimetakata. Alikirudisha taratibu, akanyoosha shuka pembe zote nne, akatoka.

Alhamisi Shangazi mtu alikuwa dukani anaandika maneno haya, amekwama hapohapo kwenye aya ya kifo. Meneja alikuja mezani. Alichomoa picha ya kidole gumba, akaiweka juu ya karatasi. Pembeni yake akaweka kikombe kilichopinduliwa.

Shangazi mtu alidhani anaomba. "Baba hayupo, mwanangu," alimwambia. "Siwezi kukuletea."

Meneja alizisawazisha zile picha mbili zikae mstari mmoja. Hakunyoosha kiganja. Hakungoja chochote. Alizichukua akaenda kwa mama yake, akamwekea vilevile, kisha kwa dada yake, kisha kwa kijana wa mashine, kisha akavuka barabara mpaka kwa karani wa posta. Aliizungusha habari mtaa mzima mlango kwa mlango, na kila alipomaliza alitia mikono mfukoni. Karani ndiye aliyelia kwanza. Shangazi mtu alilia wa pili, na hakuna aliyemshinda.

Basi droo ya chini ilifunguliwa. Tulibishana kuhusu neno "furaha". Shangazi mtu alitaka likatwe, kwani nani anaweka furaha kwenye karatasi za msiba? Mke wa marehemu alizishika zile kadi kifuani. "Alilichapa mwenyewe," alisema. "Liacheni." Kwa hiyo ndani ya karatasi zenu kuna kadi. Ziko hamsini na ninyi ni wengi, someni wawili wawili. Pale palipokuwa wazi pana kidole gumba na kikombe kilichopinduliwa, picha zilizopigwa na Meneja mwenyewe.

Marehemu ameacha mke, binti na mkwe, wajukuu wawili, dada mmoja mwenye mkoba mwekundu, na mwana mmoja ambaye sasa anatoa habari. Tukifika kaburini, atakayependa kuaga kwa mkono ageuze kiganja kimtazame yeye mwenyewe. Wino ataelewa.

Pumzika kwa amani, Kaka. Habari imefika.