Polepole, Kinyozi Aliyeharakisha Mara Moja

Mpendwa wetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Polepole, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe mkunga. Mama yake alizoea kusema kwamba hata kuzaliwa alichelewa, akatoka ametulia kama mgeni aliyekuja kutembea tu.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1965. Kichwa alikuwa nacho, ila kengele ya mtihani ilimkuta bado anapiga mstari chini ya tarehe. Akajifunza unyozi, na mwaka 1974 akafungua duka lake: chumba kimoja, vioo viwili na kiti cha kuzunguka kilichogoma kuzunguka. Ukiwa na haraka ulikwenda kwa jirani. Ukitaka kupendeza ulikaa kwa Polepole mpaka redio irudie taarifa ya habari.

Mwaka 1977 alimwoa dada yangu, mshonaji. Uchumba ulikwenda miaka mpaka baba yetu akamwuliza, "Kijana, unaoa au unakuja kusoma gazeti langu?" Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2006, baada ya kumzika mama yake, usingizi ulimpotea na wasiwasi ukamkaba. Akapewa vidonge vya kutuliza, vya kumezwa kwa muda mfupi tu. Vilimsaidia, akaendelea navyo, miaka ikapita. Baadaye akagundua kwamba mkono haumtii mpaka ameze kimoja. Aliona aibu sana. Basi mtu huyu, ambaye hakuwahi kuharakisha jambo lolote, akavimwaga vyote chooni kwa mkupuo.

Siku chache baadaye nilikuwa kwenye kiti chake, shavu la kulia limekwisha, la kushoto limejaa povu. Alikunja wembe, akauweka mezani, akasema, "Shemeji, ngoja kidogo." Kisha akaanguka, mwili ukikakamaa na kutetemeka. Nilimfikisha hospitali nikiwa na povu langu usoni, na nesi akauliza mgonjwa ni yupi.

Daktari alimweleza alipozinduka: "Mzee, dawa hizi haziachwi ghafla, ungeweza kufa. Tutazipunguza kidogo kidogo. Ukizidiwa, tunasimama hapo hapo mpaka utulie."

Dada yangu alicheka huku analia. "Daktari, huyo kwa kwenda taratibu umempata."

Ilichukua zaidi ya mwaka. Alitoka jasho, masikio yalivuma, hofu zilimjia bila sababu. Kijiko kikigonga kikombe kilimpasua kichwa, kwa hiyo nyumba nzima tulikoroga chai kwa mwiko. Lakini kilichomtesa kuliko vyote ni kufikiri kwamba hatashika wembe tena. Mimi nilikataa kinyozi mwingine. Ndevu ziliota upande mmoja kwanza, na wajukuu wakaomba nisiwapeleke shule.

Asubuhi moja, vidonge vikiwa vimekwisha kabisa kwa ruhusa ya daktari, aliniita dukani. Alinyoosha mikono mbele ya kioo, akaitazama kwa muda wake wa kawaida, yaani mrefu. Kisha akapaka povu. "Tulikuwa tumefikia shavu la kushoto," akasema. Hakunikata hata mahali pamoja. Nilitokwa machozi ya furaha, naye akaniomba nisitikise kidevu.

Alinyoa miaka mingi baada ya hapo, akiimba. Mwaka jana moyo ulianza kuchoka, na tarehe 9 Juni 2025 alituacha akiwa nyumbani, amelala usingizi wake mwenyewe, usio wa kidonge.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, na kiti ambacho binti yake mkubwa, kinyozi pia, amekataa kukitengeneza.

Leo asubuhi nimemnyoa mimi. Mkono ulinitetemeka, nikamwambia, "Shemeji, ngoja kidogo." Akaningoja.

Apumzike kwa amani Polepole wetu, wala asiharakishwe na mtu.