Sista Lanyero, Miguu ya Wagonjwa na Chumba Namba Sita

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Sista Filda Lanyero anatimiza miaka thelathini na sita, miezi miwili na siku kumi za kuitumikia Hospitali ya Kasiika hapa Nateete, Kampala, na anastaafu. Hizo siku kumi amezihesabu mwenyewe, na amenikumbusha mara tatu nisizisahau.

Ukurasa huu wa gazeti letu la hospitali ulitakiwa kwa mpiga chapa Jumatatu. Niliukalia. Mpiga chapa amenipigia simu mpaka nikaacha kupokea, na namwomba radhi hapa mbele ya watu wote. Ilikuwa hivi: Jumatatu sikujua kama naandika kumuaga Sista peke yake, au kumuaga Sista pamoja na Chumba Namba Sita, kazi aliyoipenda kuliko zote. Sasa najua, na naandika kwa furaha. Lakini mambo yaende kwa mpangilio, maana mwenyewe akisoma wasifu uliovurugika ataurudisha kama anavyorudisha mafaili.

Ameomba uandikwe kwa Kiswahili. Ndiyo lugha aliyokulia nayo katika kambi ya polisi, alikotumikia baba yake, Sajenti Oyet, aliyetoka Gulu. Na ni Kiswahili cha kambini hasa: Sista haombi, anaamuru, na ukishatii ndipo unagundua kwamba alikuwa anakutania. Aliripoti kazini Jumatatu, tarehe 18 Septemba 1989, akiwa na cheti, viatu vyeupe vya kuazima na sauti iliyosikika mpaka jikoni. Baadaye aliongeza diploma, kisha shahada aliyoisomea Jumamosi na Jumapili kwa miaka mingi. Kila alipomaliza masomo alirudi wodini, akafunga aproni, akauliza nani kaacha ndoo katikati ya njia.

Kila muuguzi aliyepita mikononi mwake anaijua sheria yake ya kupokeana zamu. Wengine hupokeana mezani, faili kwa faili. Kwa Sista Lanyero watu wote huzunguka kitanda kwa kitanda, na kabla hujafungua faili unaingiza mkono chini ya blanketi, unashika miguu ya mgonjwa. Kama ni ya joto, kama ni ya baridi, kama imevimba, kama ina kidonda ambacho mwenyewe hakijui. Mashine inaweza kukosa umeme, na faili linaweza kuwa liliandikwa na mtu mwenye haraka. Miguu, husema Sista, haijui kudanganya.

Sheria hiyo haikujali cheo. Afisa mmoja mkubwa wa polisi alilazwa kwa homa na akakataa kuvua buti mbele ya wanawake. Sista alipiga goti, akazivua mwenyewe huku akimuuliza habari za nyumbani. Soksi moja ilikuwa ya bluu, nyingine nyeusi, na chini ya ile nyeusi kulikuwa na kidonda cha kisukari ambacho afisa hakuwa akikisikia kabisa. Mguu ule ulipona. Kila Krismasi afisa humletea Sista jozi ya soksi, na kila Krismasi moja ni ya bluu na nyingine nyeusi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Sista mwenyewe ameniambia nisilifiche.

Mwaka 2018 uongozi ulitaka maoni yetu kuhusu mafunzo ya uuguzi wa ngazi ya juu, yale yanayompa muuguzi uwezo wa kupima, kuamua na kuanzisha tiba mwenyewe. Tulikuwa wauguzi arobaini na watatu. Tulijaza fomu zisizo na majina, tukazitumbukiza kwenye boksi tupu la glavu mlangoni kwa Matroni Adero. Wengi tulisema ndiyo, kila mmoja na lakini yake. Nani atashika zamu ya anayesoma? Madaktari watapokeaje? Akirudi na elimu yake, atakubali tena kumgeuza mgonjwa kitandani? Mimi niliandika NDIYO kwa herufi kubwa na sikuongeza kitu, kwa sababu chai ilikuwa imeshaiva.

Fomu moja tu ilisema hapana. Haikuwa na jina, lakini mwandiko tuliujua wote, ule wa Sista, wa kulala kidogo kulia. Chini yake mwenye mwandiko alieleza: "Mimi nimeona watu sita wameenda kusoma. Wote wako ofisi. Hata moja hakurudi wodi. Sasa mgonjwa anabaki na nani?" Na alikuwa anasema kweli. Sita walikwenda, na hatukumpata tena hata mmoja.

Wiki mbili baadaye alilazwa Tresor, mfanyabiashara wa vitenge kutoka soko la Kikuubo mjini, Mkongo mcheshi aliyeumia ugoko na kuupuuza. Saa mbili na dakika kumi asubuhi, kwenye kupokeana zamu, Sista alimshika miguu akaikuta baridi. Akamshika paja, likawa linawaka. Alielewa papo hapo kwamba maambukizi yameingia kwenye damu. Alimwekea oksijeni, akafanya yote aliyoruhusiwa, kisha akaandika kwenye faili maneno mawili ambayo kila muuguzi hapa ameyaandika mpaka kidole kikaota sugu: Daktari amejulishwa. Ukishayaandika, umefuata utaratibu, na unasubiri.

Saa tatu aliyaandika tena. Saa tatu na dakika arobaini, tena. Daktari alikuwa mmoja, yuko chumba cha upasuaji na mama aliyekuwa akivuja damu, na hakuna wa kumlaumu. Dawa alizohitaji Tresor zilikuwa kabatini, hatua sita kutoka kitandani. Ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwa Sista. Saa tano na nusu daktari alitoka, akasoma, akaagiza yaleyale ambayo Sista angeyafanya saa mbili na robo.

Tresor alipona, ila vidole vinne vya miguu vilikufa kwa kukosa damu, vikakatwa. Siku hiyo nilimkuta Sista chumba cha chai analia. Ni mara pekee niliyomwona akilia kazini, na sikujua niweke wapi mikono yangu.

Kesho yake alikwenda kwa Matroni Adero kudai fomu yake. Matroni akamwambia fomu hazina majina, hivyo hawezi kujua ipi ni yake. Wakatazamana, kisha wote wawili wakacheka, nadhani kwa uchovu. Sista akajaza fomu ya pili hapo hapo mezani, akaandika: "Ile ya kwanza nilikuwa nawaza wauguzi wanaoondoka, hii namuwaza Tresor." Chini akaongeza maombi ambayo hakuna aliyeyatarajia. Alitaka aende yeye.

Alikuwa anaelekea miaka hamsini na minne. Minong'ono ilikuwa mingi, na mingine ilitoka kinywani mwangu: masomo miaka miwili, kustaafu kunabisha hodi, si ni kupoteza nafasi? Yeye alijibu kwamba anayelima karibu na magharibi anajua hana muda wa kukaa. Chuoni wanafunzi wenzake walimwita Jjajja, yaani bibi, na ilipofika 2020 vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona, Jjajja akawa anasikiliza mihadhara kwa simu iliyofungwa kwa plasta ya vidonda kwenye aproni. Alimaliza 2022. Alikuwa wa tatu darasani, na wa kwanza kwa kulalamika.

Akarudi. Wodini, kama kawaida. Sharti alilompa mkurugenzi lilikuwa kwamba kila asubuhi mpaka saa nne atakuwa vitandani, ndipo aende kwenye kliniki yake mpya, Chumba Namba Sita, kilichokuwa stoo ya magodoro yaliyochanika. Humo amewatibu watu wa kisukari, wa presha na wa vidonda sugu, akianzisha dawa mwenyewe na kumwita daktari anapohitajika kweli. Tangu Januari mwaka huu hakuna mgonjwa hata mmoja wa chumba hicho aliyekatwa mguu. Daktari wetu mkuu, ambaye 2018 alisema wauguzi wanataka kumpora koti, sasa hupeleka mama yake mzazi Chumba Namba Sita.

Basi ndiyo mjue kwa nini barua ya Machi ilitushtua. Uongozi uliandika kwamba kama siku Sista anapostaafu hatakuwepo muuguzi mwingine mwenye sifa hizo, chumba kitafungwa na kurudi kuwa stoo. Tegemeo letu lilikuwa moja tu: Darlène, mwenzetu aliyekuja Kampala kutoka Bukavu, Kongo, akiwa msichana, ambaye mama yake huuza dagaa soko la Nateete. Alikuwa chuoni tangu 2023. Na mwezi wa Juni Darlène akaanguka mtihani wa vitendo.

Namna alivyoanguka ni sisi tu tunaoweza kuielewa. Mgonjwa wa mtihani alipimwa vizuri mno, miguu ikashikwa kabla ya yote, hali ikatambuliwa bila kosa. Mtahini akauliza: sasa unafanya nini? Darlène akajibu, "Namujulisha daktari." Kisha akaweka mikono nyuma, akasimama kusubiri. Daktari hakuwepo. Mtihani ulikuwa ni huo.

Chumba cha chai kiligawanyika. Wengine walisema ndiyo basi, muuguzi ni muuguzi tu. Mimi nilikasirika, kwa sababu nilijua ningejibu vilevile. Tulikuwa tumemfundisha sisi. Sista hakukasirika na mtu. Kwa miezi minne, kila Jumanne na Alhamisi mchana, alijifanya daktari aliyeko upasuaji. Darlène na mimi tulikuwa wodini, mimi nikiwa mgonjwa (nimekufa mara tisa tangu Julai), naye Sista alikuwa chumba cha chai na bakuli la uji, simu ikilia mbele yake, haipokei. Bonny wa mapokezi aliwahi kuipokea akidhani anasaidia. Alitolewa nje kwa Kiswahili cha kambini ambacho gazeti hili haliwezi kukichapa.

Mwanzoni Darlène alipiga simu mara saba mfululizo. Wiki ya tatu alipiga mara mbili. Kufikia Oktoba alikuwa anasema kwa sauti anachokiona, anachokiwaza na anachokifanya, mikono tayari iko kazini, ndipo anapiga mara moja kutoa taarifa. Siku ya kwanza alipofanya hivyo, Sista alipokea. Nilisikia kwenye simu kijiko kikianguka kwenye bakuli.

Mtihani wa marudio ulikuwa tarehe 18 mwezi huu. Matokeo yametoka juzi Jumanne, saa nane mchana. Darlène aliingia wodini mbio, na kukimbia wodini ni dhambi kubwa kwa Sista, aliyemkemea kabla hajajua kuna nini: "Tembea! Hapa si kituo ya bodaboda." Darlène akatembea. Alitembea polepole kabisa, vitanda vyote kumi na viwili, machozi yakimtiririka, akampa simu. Sista akaivua miwani, akaivaa, akasoma, akasoma tena. Kisha, ndugu wasomaji, Sista Filda Lanyero akakimbia. Alikimbia wodi nzima mpaka mlangoni kwa Matroni, na wagonjwa waliokuwa na nguvu wakapiga makofi. Chumba Namba Sita hakifungwi. Wengine watatu tayari wameomba fomu za kwenda kusoma, na mmoja ni kati ya wale waliosema muuguzi ni muuguzi tu.

Mimi nami nimechukua ya nne. Msinicheke, nina miaka arobaini na saba, na mfano ninao.

Kesho kwenye sherehe atakuwepo Tresor, ambaye ameleta vitenge vya kupamba ukumbi. Nilipomuuliza ana nini cha kusema kuhusu Sista alinijibu, "Vidole ine vilienda, lakini roho ilibakia. Mama Lanyero anajua." Alipojua kwamba aliyefaulu ni binti wa Bukavu, aliongeza kitenge cha meza kuu.

Nimalizie na leo asubuhi, Alhamisi, zamu yake ya mwisho wodini. Darlène ndiye aliyepokea. Tulizunguka kitanda kwa kitanda, mkono chini ya blanketi, na kwenye kitanda cha nne aliikuta miguu isiyompendeza. Aliona, akawaza, akafanya, dripu ikaanza kutiririka, ndipo akaandika mwishoni kabisa: Daktari amejulishwa. Daktari alipokuja alisoma, akatia sahihi, akasema hana la kuongeza.

Baada ya kitanda cha kumi na mbili Sista alikaa kwenye kiti cha wageni, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya wodini. Darlène akapiga goti, akamvua kiatu kimoja cheupe, kisha cha pili, akaishika miguu ile iliyosimama kwa ajili yetu miaka thelathini na sita. Aliishika kwa muda.

"Iko na joto, Mama," akasema. "Zamu nimepokea."

Sista Filda, asante kwa kila mguu ulioshika, na asante zaidi kwa fomu ya pili. Nenda ukapumzike, uji wako uunywe ukiwa moto na simu ikilia uipokee. Wodi iko salama. Sisi wote wa Kasiika tunakuombea afya, amani na siku ndefu, na miguu yenye joto popote itakapokufikisha.

Latifah Nakirijja
Muuguzi, Wodi ya Pili