Swala Aliyeondoka na Mshale

Kwenye taxi yetu ya kutoka Clairwood, kijana aliyejiita Cédric alipakata upinde wake wa kisasa, wenye vigurudumu vya kuvutia kamba, kama mtoto mwenye homa, akamwambia mzee wa kofia kando yake: "Papa, ile swala ilikimbia na mshale wangu kwa mbavu. Sikuipata. Kesho nabeba mishale myepesi, iko mbio." Mzee akapiga mwayo, jioni hata ubishi huchoka. "Mbio za nini, ndugu yangu? Beba mizito, ipenye, mnyama afe upesi. Na hicho kilalio cha mshale hapo kwenye upinde, cha nywele za brashi, kitoe. Weka kile kinachoanguka ukiachia kamba." "Kikikwama? Brashi inashika mshale hata nikitambaa." "Unauhurumia mshale. Swala je?"

Mama mmoja nyuma akauliza mbona tumesimama kwenye robot, zile taa za barabarani. "Tunangojea mshale wa kijani," nikamjibu. Hakuna aliyecheka.